Kila Kilicho Juu ya Keki ya Mtoto Kiwe Chakula

Siku hizi kukata keki katika sikukuu ya kuzaliwa ya mtoto si jambo la mjini tu. Hata vijijini, mtoto anapotimiza mwaka mmoja, miwili au mitano, wazazi hutafuta keki, majirani huitwa, watoto huimba na kupiga makofi, na mwenye sikukuu huwalisha wageni mmoja baada ya mwingine. Wako wanaosema kwamba hayo ni mambo ya kigeni, afadhali tuyaache. Sisi hatuoni ubaya wa familia kufurahi kwamba mtoto wao ameongeza mwaka akiwa mzima. Neno letu mwezi huu linahusu kile kinachowekwa juu ya keki hiyo.

Tumezoea kuichagua keki kwa macho. Tunataka iwe ndefu, iwe na rangi kali, ing'ae, iwe na maua, vishanga na utepe. Lakini wahenga walituonya juu ya uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mtoto wa miaka miwili hajui kutofautisha pambo na chakula. Kwake yeye kila kilichopo juu ya keki ni keki, na mkono wake ukifika hapo, kinafuata kinywa. Kwa hiyo sisi tunashikilia kanuni moja: kisicholiwa kisiwekwe juu ya keki ya mtoto mdogo.

Tuanze na vile vinavyong'aa. Mwezi Oktoba 2018, katika jimbo la Rhode Island nchini Marekani, watoto 6 wenye umri wa mwaka 1 hadi 11 waliugua baada ya kula keki ya sikukuu ya kuzaliwa iliyopambwa kwa unga wa kumetameta. Wachunguzi waliikuta keki hiyo ina madini ya shaba kwa wingi. Mwaka uliofuata, katika jimbo la Missouri, mtoto wa mwaka 1 aligundulika kuwa na madini ya risasi katika damu, na unga wa rangi uliotumika kupambia keki ya sikukuu yake ulikutwa na risasi nyingi. Habari hizo zilitolewa mwaka 2021 na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa (CDC). Na risasi, kama inavyojulikana, huharibu ubongo wa mtoto unaokua.

Fundisho lake ni hili. Kikopo kikiandikwa "haina sumu" au "kwa mapambo tu", maana yake si kwamba kilichomo kinaliwa. Kinacholiwa huandikwa waziwazi kuwa ni cha chakula na huorodhesha vilivyomo ndani. Vilevile, rangi ya kutilia ukili wa mikeka au nguo isikaribie kabisa keki, hata kama ni ya bei nafuu na imekolea vizuri. Rangi iliyofungwa kwenye kikaratasi kisicho na maandishi yoyote, tuiache sokoni.

Hatari ya pili ni kupaliwa. Njia ya hewa ya mtoto mdogo ni nyembamba, na magego yake hayajaota yote au hayajazoea kusaga. Karanga nzima, pipi ngumu, bisi, vishanga vya sukari na zabibu nzima si vitu vya kupambia keki ya mtoto wa chini ya miaka 5. Tena tuvitazame vile vijiti vya kuchokolea meno tunavyochoma kwenye vipande vya keki wakati wa kulishana. Mtoto anayecheka na kurukaruka, akiingiziwa kijiti kinywani na mtoto mwenzake, anaweza kuchomwa kooni. Kijiko au mkono ulionawa kwa sabuni unatosha. Mishumaa nayo iondolewe yote kabla ya kisu kushika keki.

Mtoto akipaliwa na bado anakohoa kwa nguvu, mwacheni akohoe. Akishindwa kukohoa, kulia au kupumua, msimtie kidole kooni kwa kubahatisha. Mwinamisheni, kichwa kiwe chini kuliko kifua, mmpige katikati ya mabega mara 5 kwa kitako cha kiganja. Ikishindikana, na ametimiza mwaka, simameni nyuma yake, wekeni ngumi juu kidogo ya kitovu, mvute ndani kuelekea juu mara 5. Mchanga wa chini ya mwaka hakandamizwi tumbo. Huyo hugeuzwa chali na kukandamizwa katikati ya kifua mara 5. Rudieni hivyo kwa zamu, huku mwingine akitafuta usafiri wa kwenda hospitali.

Sasa tuje kwenye sukari. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwa siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtoto anayehitaji kalori 1,300 hivi kwa siku, asilimia 10 ni gramu 32 tu, yaani vijiko 8 vya chai. Soda moja huweza kuvimaliza vyote kabla keki haijakatwa. Na kwa watoto wa miezi 6 hadi 23, ushauri wa shirika hilo wa mwaka 2023 ni kwamba wasipewe kabisa vyakula vyenye sukari nyingi. Mtoto anayetimiza mwaka mmoja yumo humo. Sikukuu yake ya kwanza haihitaji sukari hata kijiko kimoja. Ndizi mbivu zinamtosha.

Ndiyo sababu tunasema keki iliyo bora ni ile iliyopikwa nyumbani, kwani mama au baba aliyeipika anajua kila kilichomo. Kwa vipande 16 chukueni unga wa ngano vikombe 2, sukari nusu kikombe, margarini nusu kikombe, mayai 3, maziwa nusu kikombe, beking pauda vijiko vidogo 2, na iliki kidogo iliyotwangwa. Pigeni margarini na sukari mpaka zilainike, tieni mayai moja moja, kisha unga uliochanganywa na beking pauda na iliki, na mwisho maziwa. Kwa mtoto wa mwaka mmoja, badala ya sukari tumieni ndizi mbivu 3 zilizopondwa, na maziwa yapungue yawe robo kikombe.

Asiye na oveni asikate tamaa. Mimineni mchanganyiko katika sufuria ndogo iliyopakwa mafuta na kunyunyiziwa unga. Iwekeni ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga safi mkavu, funikeni, palieni moto mdogo chini na makaa machache juu ya mfuniko. Baada ya dakika 40 hivi chomeni kisu safi katikati. Kikitoka kikavu, keki imeiva. Jiko la mkaa likae nje au mahali penye hewa ya kutosha, kwa maana hewa yake ndani ya chumba kilichofungwa huua.

Kipande kimoja cha keki ile ya kwanza kina gramu 6 hivi za sukari, yaani kijiko kimoja na nusu cha chai. Tukiipandishia aisingi nene, hesabu hiyo inaharibika mara moja. Aisingi ya ute wa yai mbichi nayo tunaikataa kwa watoto wadogo, maana yai bichi huweza kubeba vijidudu vya salmonela.

Wengine watasema keki isiyo na aisingi nene haipendezi. Hatukubaliani nao. Kateni karatasi kwa umbo la samaki, basi au herufi ya kwanza ya jina la mtoto, mtoe umbo hilo katikati, muilaze karatasi juu ya keki iliyopoa, kisha mchekeche unga wa kakao juu yake. Mkiinua karatasi, samaki amebaki pale. Mkitaka rangi, chujeni mtindi kwa kitambaa safi mpaka uwe mzito, gaweni mafungu, fungu moja mtie maji ya bitiruti liwe la waridi, jingine maji ya pasheni bila mbegu liwe la manjano. Upakeni muda mfupi kabla ya kukata ili usichache. Pembeni pangeni vipande vyembamba vya papai au embe lililoiva na kulainika. Asali mtu asiitumie palipo na mtoto ambaye hajatimiza mwaka, kwa sababu huweza kuwa na vijidudu vinavyoleta ugonjwa wa kupooza kwa wachanga.

Tunajua pia kwamba wako wazazi wanaokopa ili keki ya mtoto isishindwe na ya jirani. Mtoto hakuomba deni hilo. Yeye anafurahi alipokoroga unga pamoja na mama yake, alipomwona samaki wake akitokea, na alipomlisha bibi kipande cha kwanza. Fedha iliyosalia ikinunua mayai, maharage na matunda ya wiki nzima, sikukuu yake itakuwa imeendelea siku saba.

Basi, jioni ile wageni watakapoondoka, mpeni maji anywe na mmpige mswaki kabla ya kulala. Na sikukuu ijayo, kabla hamjaweka chochote juu ya keki, jiulizeni: mtoto akikimeza hiki, kitamdhuru? Jibu likiwa ndiyo, au hata likiwa labda, kiondoeni.