Watu wenye ulemavu wasifungiwe nje ya utalii

KENYA hujinaki kwa fuo zake, mbuga zake na majengo yake ya kale. Hata hivyo, kwa Mkenya anayetumia kiti cha magurudumu, fahari hiyo mara nyingi huishia langoni.

Hebu mfikirie mwanafunzi wa aina hiyo anayeandamana na wenzake kuzuru Ngome ya Yesu, Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mnamo 1593. Wenzake wanapopanda ngazi za mawe kutazama bahari kutoka juu ya kuta, yeye husalia chini akiwasubiri. Amelipa ada sawa na wao, lakini somo limempita.

Hali hii haitokani na ukosefu wa sheria. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote, kutumia uchukuzi wa umma na kupata habari. Mkataba wa Umoja wa Mataifa, ambao Kenya iliuidhinisha mnamo 2008, unataja utalii waziwazi. Nayo sheria ya 2003 iliwapa wamiliki wa majengo ya umma miaka mitano kuyarekebisha. Muda huo uliyoyoma, na sheria yenyewe nafasi yake ikachukuliwa na ile ya 2025. Ngazi zingali palepale.

Kosa kubwa ni kudhani kwamba njia moja ya mteremko inatosha. Safari ni mnyororo. Hoteli ikijenga njia hiyo langoni ilhali mlango wa choo ni mwembamba, au gari la kwenda mbugani lina vidato virefu, mgeni hajafika popote.

Wapo watakaodai kwamba majengo ya kale hayawezi kuguswa. Ni kweli Mji wa Kale wa Lamu na Ngome ya Yesu ni turathi za dunia. Lakini hakuna anayetaka kuta zibomolewe. Mbao za mteremko zinazoweza kuondolewa, vielelezo vya kupapaswa na wasioona, na waelekezi wanaojua lugha ya ishara havidhuru jiwe hata moja. Aidha, hoteli kutaja kwenye tovuti upana wa milango na idadi ya vidato vyake hakuna gharama yoyote ya maana.

Isitoshe, hii ni biashara. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 1.3 wana ulemavu, yaani mmoja kati ya kila sita. Anayemzuia mmoja wao huipoteza familia yake nzima.

Hivyo basi, Mamlaka ya Kudhibiti Utalii isiidhinishe upya leseni ya hoteli kabla ya kukagua milango, vyoo na vyumba vyake. Wahenga walinena mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakubagua mgeni.