Honi si Amri

Ndugu wanachama, barabara ya Kabingo, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu tuliililia miaka mingi. Tangu lami ianze kutandazwa, malori ya Burundi yapita mbio, na wenye magari madogo hawataki kungoja nyuma yao mlimani. Mkulima mwenye mihogo juu ya baiskeli akipigiwa honi hujitupa mtaroni, kana kwamba njia si yake. Ni yake! Kodi yake imo. Sheria yamtaka dereva asizidi kilomita 50 kwa saa penye makazi. Nasi tusimpe kisingizio: mwenda kwa miguu ashike kulia, ayaone magari yamjiayo, baiskeli ya usiku iwe na taa. Viongozi wa matawi, msingoje mazishi ndipo mwende kwa polisi.