Maandishi ya Kiarabu si cheti cha kuzaliwa

Mwonyeshe mtu sarafu ya shaba iliyookotwa Kilwa Kisiwani. Ataigeuza huku na huku, aone maandishi, kisha atoe hukumu: "Hii ya Waarabu." Kesi imekwisha. Mjuaji zaidi ataongeza kwamba ililetwa na majahazi.

Huo ni uvivu wa kusoma, wala sioni sababu ya kuupa jina la heshima.

Chukua sarafu ya al-Hasan bin Sulaiman, sultani wa Kilwa aliyempokea msafiri Ibn Battuta mwaka 1331. Upande mmoja lipo jina lake. Upande wa pili yapo maneno ya kumtegemea Mungu, nayo yamechaguliwa yafungane kwa kina na jina lile. Kipande chenyewe hakizidi kifungo cha koti, na bado fundi alihangaikia vina! Mwaka haukuandikwa. Anayetaka kujua ni ya lini hana njia ya mkato: alisome jina, kisha amtafute mwenye jina. Wala si Kilwa peke yake: Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 zilifukuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000, na nyingi zina majina ya watawala wa huku huku kwetu.

Palipo na mwaka napo watu hujikwaa. Pesa ya shaba ya Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, ile yenye mizani, ina tarakimu 1299, na wapo wanaoinadi kwamba imepita miaka 700. Huo ni mwaka wa Hijria, bwana. Kwa kalenda ya ukutani kwako ni 1882 hivi. Barghash mwenyewe alikufa 1888.

Na anayeshikilia kwamba Kiarabu ni ushahidi tosha, aitazame pesa ya mwaka 1890 ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Huku tai wa Ujerumani, huku Kiarabu kitupu na mwaka 1307. Ilipigwa Berlin. Nayo tuseme ni ya Waarabu?

Sarafu ya al-Hasan huyo huyo imepatikana Zimbabwe Kuu, bara kabisa, kulikotoka dhahabu iliyoitajirisha Kilwa. Safari yake ilianzia pwani yetu.

Ukiokota nyingine, tafadhali usiisugue kwa ndimu na mchanga ili ing'ae. Herufi zikilika, hata msomaji hodari hatakuwa na cha kusoma. Ipeleke Idara ya Mambo ya Kale na udongo wake.