Sheria ya Kilwa na Milango ya Montreal

Dola yaweza kutunga sheria inayomgusa mtu aliye popote duniani, na mahakama zake zaweza kumhukumu hata asipokuwepo, lakini haiwezi kutuma askari kumkamata katika nchi nyingine bila ridhaa ya nchi hiyo. Mtuhumiwa akivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kalemie hadi Kigoma, polisi wa Kongo hawana tena mamlaka juu yake, na kurudishwa kwake huwa ni uamuzi wa Tanzania.

Kongo yenyewe iliwahi kuutetea mpaka huo. Aprili 2000 hakimu wa upelelezi wa Brussels alitoa hati ya kumkamata Abdoulaye Yerodia Ndombasi, Waziri wa Mambo ya Nje wa Kongo wakati huo, kwa hotuba za Agosti 1998 zilizodaiwa kuchochea chuki dhidi ya Watutsi. Hati hiyo ilitegemea mamlaka ya ulimwengu mzima, yaani haki ya nchi kushitaki makosa mazito mno bila kujali yalitendeka wapi. Tarehe 14 Februari 2002 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, mjini The Hague, iliamua kwamba waziri huyo alikuwa na kinga, maana yake akiwa madarakani hakuweza kukamatwa wala kushitakiwa na mahakama za nchi nyingine, na Ubelgiji ikaamriwa kuifuta hati.

Kwa watu wa Kalemie walio ng'ambo, kesi ya Kilwa inauma zaidi, kwa kuwa mji huo ulio kando ya Ziwa Mweru ulikuwa nao katika jimbo moja la Katanga hadi mgawanyo wa 2015. Oktoba 2004 jeshi la Kongo liliurudisha mji huo kutoka kwa kundi dogo la waasi, na raia wasiopungua 70 wakauawa. Magari ya kampuni ya Anvil Mining, iliyochimba shaba na fedha huko Dikulushi, yalitumiwa na wanajeshi, na kampuni ikajitetea kwamba serikali iliyachukua kwa amri. Mwaka 2007 mahakama ya kijeshi ya Lubumbashi iliwaachilia wafanyakazi watatu wa kampuni. Jamaa za waliouawa walipokwenda Montreal, Mahakama ya Rufani ya Quebec iliwafungia mlango Januari 2012, ikieleza kwamba ofisi ya kampuni mjini humo ilifunguliwa baada ya mauaji na haikuhusika nayo, na Mahakama ya Juu ya Kanada ikakataa kusikiliza rufani yao.

Mahakama hiyo hiyo ya Juu, mnamo Februari 2020, iliruhusu kesi ya wafanyakazi wa Eritrea dhidi ya kampuni ya Nevsun, yenye makao makuu Vancouver, iendelee. Tofauti kubwa ya kesi hizi haikuwa uzito wa maumivu ya walalamikaji, bali mahali kampuni ilipokuwa na makao, na hilo si haki hata kidogo kwa wafiwa wa Kilwa.

Sheria ya Kongo haitafika Montreal kwa nguvu zake yenyewe. Itakayowafikia wenye migodi ni sheria ya nchi wanamokusanyia mitaji. Watu wa Kalemie walio ng'ambo wenye haki ya kupiga kura Kanada, Ubelgiji na Ufaransa wawaandikie wabunge wao, wakidai sheria inayozipa mahakama za huko wajibu wa kuwasikiliza walioumizwa Kongo pale ambapo mahakama za nyumbani zimewanyima nafasi.