Juu Ndiko Kunakoshuka

Safu ya Jumamosi, na Kyalo wa Kilungu

Jumanne wiki hii, katika vilima vya Kilungu, Kaunti ya Makueni, nilimsikia afisa wa umma akiwasomea watu onyo ambalo wangelitii lingewaua. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Watu walikuwa wamejibanza chini ya mabati ya soko, wengine wamejitanda magunia, na bwana huyo akatoa simu mfukoni akasoma: wakazi wa maeneo hatari wanahimizwa kuhamia sehemu za juu mara moja.

Mama mmoja aliyekuwa ameketi mbele akainuka. "Mwanangu, juu wapi? Hiyo juu ndiyo inayoshuka."

Hakuna aliyecheka. Onyo lile lilikuwa la mafuriko. Liliandikwa kwa ajili ya watu wa mabondeni, likatumwa kama lilivyo kwa watu ambao hatari yao iko juu ya paa. Afisa hakuwa na jibu. Alilisoma tena kutoka mwanzo, kisha akafunga baraza kwa maneno ambayo hadi leo yananichoma: "Mama, serikali imeshawaambia. Atakayebaki, amebaki kwa hiari yake."

Kwa hiari yake! Mtu ambaye mali yake yote ni shamba lile, mihogo iliyo ardhini na mbuzi wawili, anaambiwa ahame jioni hiyo, haonyeshwi pa kwenda, halafu akifa kosa ni lake.

Nilikuwa nimepanda huko kumjulia hali shangazi yangu, yule yule ambaye wasomaji wa safu hii wanamjua kwamba hapitwi na baraza. Hakukubali niondoke kabla ya kuliona shamba la yule mama. Ufa unaanzia chini ya mparachichi, unakata mtaro wa pili, unapotelea nyuma ya jiko. Shangazi aliutumbukiza mkongojo wake, ukazama mpaka kwenye mkono. Mparachichi wenyewe umeinamia bondeni, na mizizi ya upande wa juu imevutika kama kamba ya ng'ombe anayekataa kwenda. Mlango wa jiko haufungi tena kwa sababu fremu imepinda. Chemchemi iliyo chini, ambayo watu wa pale wameichota miaka yote ikiwa safi, sasa inatoa tope.

Kisha mama akatuonyesha kwa kidole hatua chache juu ya ufa. Kuna barabara iliyochongwa ubavuni mwa kilima, na kalavati inayomwaga maji yote ya barabara hiyo moja kwa moja shambani kwake. Hakuna mfereji wa kuyapokea, hakuna hata mawe ya kuyapunguza kasi. Alipeleka malalamiko katika ofisi moja. Akaambiwa barua yake imepokelewa.

Kwa hiyo asije mtu akaniambia habari za kudra. Ukikata mguu wa mteremko, umeondoa kilichokuwa kikiushikilia. Ukiushindilia maji, udongo unakuwa mzito na unaachana na mwamba. Aliyechonga barabara ile na aliyeitia saini walipaswa kulijua hilo kabla ya tingatinga kuwashwa.

Na sheria ipo. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, kifungu cha 45, inaiagiza kila Kamati ya Mazingira ya Kaunti itambue vilima na milima iliyo hatarini, na miongoni mwa dalili inazozitaja ni mahali ambapo maporomoko ya ardhi yamewahi kutokea. Kamati ikishavitambua iiarifu Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, na NEMA iweke rejista. Kifungu cha 47 kinataka NEMA itoe miongozo, ukiwamo wa kujiandaa kwa maafa katika maeneo yanayoporomoka na wa kuyakinga maeneo hayo yasijengwe makazi. Yote haya ni kazi za kufanywa jua likiwaka. Hakuna mahali sheria hiyo inaposema kwamba kusoma ujumbe wa simu barazani ni kutimiza wajibu.

Niliwauliza watu waliokuwa pale, mmoja mmoja, kama wamewahi kuonyeshwa rejista hiyo au kuambiwa kilima chao kimeandikwa ndani yake. Hakuna aliyewahi hata kuisikia.

Wakubwa hupenda kujificha katika mwanya kati ya Nairobi na Wote, makao ya kaunti yetu. Kaunti inasema maafa ni ya serikali kuu, serikali kuu inasema ugatuzi ulishafika. Katiba ya 2010 imeuziba mwanya huo: Jedwali la Nne limeweka usimamizi wa maafa kwa serikali zote mbili. Zote zinadaiwa.

Sisi Wakamba hatuhitaji kufundishwa kuheshimu mteremko. Mwaka 1938 Muindi Mbingu aliwaongoza watu wetu hadi Nairobi kupinga serikali ya kikoloni iliyochukua ng'ombe wao kwa kisingizio cha kuokoa udongo. Wakati huo serikali ilijua kila kilima kilipo na kila zizi lina ng'ombe wangapi. Baadaye akina mama wa mwethya, vikundi vya kusaidiana kazi, ndio waliochimba mitaro ya fanya juu kwa jembe na koleo, mitaro ambayo leo wageni wanakuja kuipiga picha. Kanuni za matumizi ya ardhi za 1965 zikamkataza mkulima kulima mteremko unaozidi asilimia 35. Mkulima amebanwa na sheria tangu babu yake. Sasa na ofisi zibanwe.

Maana tumeshazika vya kutosha. Novemba 2019, Pokot Magharibi, mlima uliwafukia watu wa Nyarkulian na Parua usiku wakiwa wamelala. Aprili 2024 yakawa mafuriko ya Mai Mahiu, na siku chache baadaye serikali ikapata nguvu ya kuwapa wakazi wa karibu na mabwawa 178 saa 24 kuhama. Hata hapa jirani, Kitui, ilibidi zaidi ya watu 30 wafe maji ndani ya basi katika mto Enziu, Desemba 2021, ndipo viongozi waanze kushindana kuzungumzia daraja. Kila mara hutangulia msiba, kisha hufuata helikopta, unga na blanketi.

Nimemwambia shangazi, naye amwambie yule mama na majirani zake, kwamba Kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani haki yake ya mazingira safi na salama inapotishiwa. Halazimiki kuthibitisha kwamba amepata hasara. Halazimiki kungoja jiko lianguke. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iko pale pale Makueni, na ina uwezo wa kumwamuru afisa wa umma achukue hatua: ageuze maji ya kalavati ile, alete mtaalamu wa miamba aupime ufa, awatafutie watu hawa mahali pa kulala mpaka mvua ikatike.

Nami nina dai langu kwa wenye dhamana. Bandikeni rejista ya vilima vyetu kwenye mlango wa ofisi ya kila chifu, Kilungu, Mbooni, hadi Mutitu kule Kitui. Kama kilima cha yule mama hakimo, tutajieni aliyepaswa kukiandika. Na kama kimo, tutajieni aliyekisoma humo, halafu akapitisha barabara ile.