MOTA IKIUNGUA, STIMA IPIMWE KWANZA

Ndugu wanachama,

Katika mikutano yetu twazungumza juu ya mishahara, nyumba, saa za kazi na likizo, na hayo yote ni ya haki. Lakini liko jambo lingine linalokula mshahara wa mfanya kazi kimyakimya, nalo ni stima mbovu iliyomo ndani ya majengo tunamofanya kazi. Sisemi juu ya stima kukatika. Stima ikikatika kila mtu huona, hata tajiri. Nasema juu ya stima ambayo ipo, taa zinawaka, mashine zinazunguka, na kumbe stima yenyewe haifai.

Nitawaeleza kisa. Mwenzetu mmoja kazi yake ni kuangalia mashine ya kukanda unga katika kiwanda cha mikate. Jina la kiwanda silitaji. Mota ya mashine ile iliungua. Ikafungwa koili mpya, ikarudishwa, na baada ya miezi mitatu ikaungua tena. Mara ya pili tajiri hakuuliza neno. Alisema, "Huyu anajaza unga kupita kiasi," akaandika barua kwamba gharama ya matengenezo itakatwa katika mshahara wa mwenzetu kila mwezi mpaka iishe. Mwenzetu ana watoto wanne shuleni. Alijitetea kwamba unga hupimwa kwa mizani na mtu mwingine kabla ya kufika kwake. Nani alimsikiliza? Mnyonge hana haki.

Mjumbe wa chama kazini aliniita, kwa kuwa mimi ni fundi wa stima mwenye leseni. Tukaomba ruhusa ya kupima, tukapewa shingo upande.

Yafaa kwanza mjue kwamba mota kubwa ya kiwandani huletewa nyaya tatu za moto. Hapa Kenya, ukipima kati ya waya mmoja wa moto na mwingine, wapaswa kupata kama volti 415. Ukipima kati ya waya wa moto na waya wa nyutro, kama volti 240. Mota yataka nyaya zake tatu ziwe sawa, kama watu watatu wanaobeba gunia pamoja. Mmoja akilegea, wale wengine huumia.

Nilipima kwenye bodi kuu, karibu na mita, wakati majiko ya kuokea yanawaka. Nikapata volti 418, 416 na 419. Hiyo ni stima nzuri. Kisha nikapima pale pale kwenye mashine, majiko yakiwa bado yanawaka. Nikapata 416, 390 na 394. Basi stima ilifika mlangoni mwa jengo ikiwa nzima, ikaharibikia ndani. Kikulacho ki nguoni mwako.

Tufanye hesabu pamoja. Jumlisha 416, 390 na 394, upate 1200. Gawanya kwa tatu, upate 400. Volti iliyo mbali zaidi na 400 ni 416, tofauti yake ni 16. Na 16 katika 400 ni asilimia 4. Mwaweza kusema, "Asilimia 4 tu, ni kitu gani?" Mafundi wa mota wana kanuni yao: chukua asilimia hiyo, izidishe kwa yenyewe, kisha zidisha kwa mbili. Nne mara nne ni 16, mara mbili ni 32. Maana yake, joto ambalo mota hujiongezea juu ya joto la chumba hupanda kwa karibu asilimia 32. Mota iliyozoea kupanda nyuzi 70 sasa hupanda nyuzi 92. Na kanuni nyingine ya mafundi yasema kwamba kila nyuzi 10 zinazozidi hupunguza nusu ya maisha ya ule mpako unaolinda nyaya za koili. Nyuzi 20 zikizidi, maisha yake hubaki robo. Tena hiyo mota ilikuwa ndani ya chumba cha kuoka mikate, ambacho chenyewe ni kama tanuri. Je, hapo kosa ni la unga?

Sasa tazameni jinsi ubaya unavyotafutwa bila kubahatisha. Katika vipimo vile vitatu, viwili vilikuwa chini, 390 na 394. Vipimo hivyo viwili vyote vilishirikiana waya mmoja. Kile kilichobaki juu hakikuugusa waya huo. Basi waya huo ndio mwenye kesi. Tulizima stima, tukaufuata kutoka kwenye bodi ndogo. Tukakuta majiko yote mapya yamefungwa juu ya waya huo mmoja, kwa kuwa aliyeyafunga alitaka kumaliza upesi. Waya wenyewe ulikuwa mrefu, tena mwembamba kwa mzigo ule. Na kibano chake kwenye swichi kilikuwa kimelegea, kimeungua cheusi kama mkaa. Kisha tukaona jambo la tatu: kile chombo cha kuzima mota inapozidiwa kilikuwa kimesogezwa kutoka ampea 15 mpaka ampea 20 "ili kisisumbue." Mlinzi alikuwa amefungwa mdomo.

Majiko yakagawanywa katika nyaya zote tatu, kibano kikabadilishwa, waya mnene ukavutwa, na chombo kikarudishwa ampea 15. Nikapima tena, nikapata 413, 410 na 412. Barua ya kukata mshahara ikafutwa. Lakini pesa za miezi miwili zilizokwisha katwa hazijarudishwa mpaka leo, na chama chazidai.

Ndugu zangu, sheria iko nasi katika jambo hili. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika ikiwa uharibifu umetokana na kosa la makusudi la mfanya kazi. Angalieni neno hilo, makusudi. Volti 390 si makusudi ya mtu anayekanda unga. Na kifungu cha 41 cha sheria hiyo hiyo chasema kwamba kabla ya mtu kufutwa kwa makosa au kwa kazi mbaya, lazima aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, naye ana haki ya kuwa na mfanya kazi mwenzake au mjumbe wa chama mbele ya kikao hicho. Basi mjumbe anayeingia katika kikao cha namna hiyo asiende mikono mitupu. Aulize neno moja: "Stima ilipimwa lini, na vipimo viko wapi?"

Wengine watasema mambo haya ni ya mafundi peke yao. La. Kupima na kufungua bodi ni kazi ya fundi mwenye leseni, na asiyekuwa fundi asiguse, kwa maana stima haina msamaha. Lakini kuona, kusikia na kunusa ni kazi ya kila mtu. Anayekaa na mashine saa nane kwa siku huijua kuliko fundi anayekuja kwa saa moja. Haya ndiyo ya kuangalia.

Ukiona taa zinafifia kila mara mashine kubwa inapoanza, andika. Pengine waya ni mwembamba, au kibano kimelegea. Lakini ukiona taa za chumba kimoja zinafifia na za chumba kingine zinang'aa kupita kawaida wakati ule ule, hapo usingoje kuandika. Huenda waya wa nyutro umekatika au umelegea. Nyutro ikiachia, volti 415 hugawanywa ovyo kati ya vyombo, vingine vikapata kidogo na vingine vikapata zaidi ya 240 vikaungua. Mwite anayehusika stima izimwe mara moja.

Ukigusa chuma cha mashine ukahisi kutekenywa, wacha kazi, uwaambie wenzako wasiguse, uripoti. Waya wa kwenda ardhini haufanyi kazi yake, na kutekenywa kwa leo ni mazishi ya kesho.

Mashine ikizimika ghafula stima inapoyumba, kisha ikajiwasha yenyewe stima inaporudi, hiyo ni mashine ya kukata vidole. Mashine yenye hatari yapaswa kuwa na swichi inayoachia stima ikiondoka, isirudi mpaka mtu aibonyeze. Na zile taa ndefu za zamani hupepesa mara 100 kwa sekunde, hata gurudumu linalozunguka laweza kuonekana kana kwamba limesimama. Usiamini macho yako chini ya taa hizo.

Wenzetu wa maofisini nao wana lao. Breka huanguka mara kwa mara, na anayelaumiwa ni mama anayefagia, ati amechomeka chombo chake. Siku hizi maofisi yamejaa kompyuta na taa za LED. Vyombo hivi havivuti stima kwa utulivu kama taa za zamani za waya wa moto. Huivuta kwa mikupuo. Stima ya kawaida ya nyaya tatu ikikutana katika nyutro hufutana, lakini sehemu ya mikupuo hiyo haifutani, hujumlishana. Nyutro yaweza kubeba mzigo kuliko waya wa moto wenyewe, ikapata moto bila breka yo yote kujua. Tena mita ya bei rahisi hudanganya hapo, husoma chini ya ukweli. Fundi atumie ile iliyoandikwa True RMS. Ukisikia harufu ya plastiki inayoungua karibu na bodi, usiseme "nitaripoti kesho."

Na wenzetu wa Kisii na Kakamega wanajua radi kuliko sisi wa Nairobi. Huko bodi kuu yapaswa kuwa na kinga ya radi, na waya wa ardhi upimwe. Kinga isiyo na waya mzuri wa ardhi ni kama mwavuli uliotoboka.

Sasa na sisi wenyewe tusijitakase. Wako miongoni mwetu wanaofunga waya mnene mahali pa fyuzi ili kazi iendelee. Wako wanaochomeka koili ya kuchemshia chai juu ya waya wa kuongezea uliochomekwa juu ya waya mwingine. Wako mafundi, wenzangu hasa, wanaosogeza chombo cha kulinda mota kwa kuwa bwana amesema hataki kusikia mashine imesimama. Ndugu fundi, bwana akikuambia hivyo, mwambie akuandikie kwa mkono wake. Utaona hataandika.

Matajiri watasema, "Stima mbaya ni ya kampuni, si yetu." Mara nyingine ni kweli. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alianguka juu ya transfoma huko Gitaru, na nchi nzima ikakosa stima. Hakuna mwajiri awezaye kulaumiwa kwa tumbili. Lakini kampuni huleta stima mpaka kwenye mita, na kutoka hapo nyaya ni za mwenye jengo. Ndiyo sababu tunapima mahali pawili, kwenye mita na kwenye mashine. Vipimo viwili humaliza ubishi wa mwaka mzima.

Watasema tena kwamba kupima ni gharama. Je, kufunga koili mara mbili si gharama? Mkate uliooza katika siku ambazo mashine imesimama haukuwa gharama? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tofauti ni kwamba ufa ni wa tajiri, na ukuta amezoea kumjengesha mfanya kazi kwa mshahara wake.

Kwa hivyo nasema chama chetu kiingize mambo matatu katika mapatano yajayo. La kwanza, stima ya kila jengo ipimwe na fundi mwenye leseni walau mara moja kwa mwaka, na tena kila mashine kubwa mpya inapofungwa, na vibano vyote vikazwe. La pili, pasiwe na barua ya lawama wala ya kukata mshahara kwa ajili ya mashine iliyoungua mpaka vipimo viwe mezani. La tatu, kila idara iwe na daftari la stima, na mjumbe wa chama aruhusiwe kulisoma. Mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka pawe na kamati ya usalama. Daftari hilo lipelekwe huko kila kamati inapokutana.

Wala msingoje mapatano ili kuanza. Daftari la shule latosha. Andikeni tarehe, saa, mashine iliyosumbua, mashine nyingine iliyokuwa inaanza wakati huo, na kama kulikuwa na mvua au radi. Fanyeni hivyo kwa mwezi mmoja tu. Mwenzetu wa kiwanda cha mikate angekuwa na daftari hilo, angeonyesha kwamba mota yake ilinguruma na kupata moto kila alfajiri majiko yalipowashwa, na watoto wake wasingekosa karo ya miezi miwili.

Mtu aweza kubishana na maneno ya mfanya kazi. Hawezi kubishana na 390 iliyoandikwa kwa tarehe na saa.

Umoja ni nguvu.

Mimi wenu katika chama,
FUNDI WA STIMA