Sakafu ya Juu na Ujira wa Fundi



Ndugu msomaji, shukrani zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na sahaba zake. Masika inakaribia, na kwa sisi tunaoishi katika nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Unguja, huu ndio wakati wa kupanda juu na kuitazama sakafu ya paa: pale tunapoanika nguo, tunapopunga upepo jioni, na watoto wanapoutafuta mwezi wa Ramadhani. Juma hili tuzungumze juu ya fundi tunayemwita kuisafisha na kuitengeneza. Nitaanza na kosa lililotokea nyumbani kwangu, kwani haipendezi mtu kuwanasihi wenziwe huku akificha la kwake.

Kwa miaka mingi alikuwa akitujia fundi mmoja, mtu mzima wa mtaani kwetu, kila inapokaribia masika. Alikuwa akifagia sakafu, aking'oa miche iliyoota katika nyufa, akizibua milizamu inayotoa maji nje ya ukuta, kisha akiziba nyufa na kupaka chokaa. Ilikuwa kazi ya siku mbili au tatu. Mwaka mmoja tulimpa nusu ya ujira wake, na nusu iliyobaki tukamwambia aifuate mwisho wa mwezi. Alikuja. Tukamwambia, "Ami, tustahamilie kidogo." Akaja mara ya pili, akaja na ya tatu, baada ya hapo hakuja tena, wala hakusema neno. Kusema kweli fedha hazikukosekana. Mwezi huo huo tulinunua mapazia mapya ya sikukuu.

Mwaka uliofuata tuliona haya kumwita. Tukamchukua mtu mwingine, mpita njia, aliyetutajia bei ndogo na kutuahidi kwamba sakafu haitavuja tena. Hatukumwuliza ufundi alijifunza kwa nani, wala hatukuiona kazi yake ya kabla. Akamwaga saruji juu ya chokaa, akailainisha ikapendeza, akachukua fedha zake akaenda.

Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu zake zimebebwa na boriti za mikoko. Chokaa hunywa unyevu, na jua likiwaka huutoa. Saruji ni ngumu. Haifuatani na ukuta wa zamani unapotanuka na kunywea. Hupasuka nyufa nyembamba, maji yakapenya, kisha ikayazuia yasitoke. Unyevu ule hushuka hadi kwenye vichwa vya boriti vilivyomo ndani ya ukuta, na mti ukaoza pasipo mtu kuona. Ndiyo maana wazee wetu, walipokuwa wakipiga sakafu ya chokaa kwa siku kadhaa huku wakiimba, hawakuwa wakipoteza wakati. Kule kupigwa ndiko kulikoishikanisha chokaa hata isipitishe mvua.

Katika masika ya pili, kabla ya alfajiri, kipande cha dari kilianguka juu ya kitanda cha mama mkwe wangu. Alikuwa ameondoka punde tu kwenda kutia udhu. Alhamdulillahi. Sote tunakumbuka jinsi sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 katika zama za Sayyid Barghash, ilivyoporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wakapoteza maisha. Nyumba ya zamani isiyotunzwa ni hatari kwa walio ndani na kwa wapitao chini yake.

Asubuhi ile mimi na mume wangu tulikwenda kwa yule mzee. Hatukwenda kumwita kazini. Tulikwenda kulipa deni na kumwomba radhi. Alizihesabu fedha, akaziweka, kisha akasema, "Deni limekwisha, wanangu. Sakafu nitakuja kuiangalia Jumamosi." Alikuja. Saruji yote ikabanduliwa, na boriti nne zikabadilishwa. Gharama yake ilizidi mara nyingi ile nusu ya ujira tuliyoizuia.

Kutokana na hayo, ndugu msomaji, nakuusia mambo matatu.

La kwanza ni kuchagua. Katika Suratul Qasas, aya ya 26, binti anamshauri baba yake amwajiri Musa (a.s.), kwa kuwa mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu na mwaminifu. Nguvu ya fundi ni ujuzi wake: nenda ukaione sakafu aliyoitengeneza mwaka juzi, si ya jana. Uaminifu wake waulize majirani waliomkaribisha majumbani mwao. Fundi wa mtaa ana fadhila hii, kwamba kazi zake zinaonekana, na maji yakirudi kuvuja unajua pa kumpata. Lakini ujirani usiwe sababu ya kumpunja wala kumcheleweshea.

La pili ni mapatano. Tumeamrishwa kutimiza ahadi, na katika Suratul Baqarah, aya ya 282, tumefundishwa kuandika madeni. Basi andikeni japo karatasi moja: kazi ni ipi, chokaa na mchanga ananunua nani, arubuni ni kiasi gani, na salio litalipwa siku gani. Mkubaliane pia kwamba fundi akikuta boriti imeoza, atasimama na kukuita kabla ya kuifunika. Kazi ikiwa kubwa, isianze bila ya kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Kabla ya kumaliza hesabu, mwageni ndoo chache za maji juu, mhakikishe yanakwenda kwenye milizamu na hayatuami. Maji yaliyotuama huoza sakafu na kuzalisha mbu.

La tatu ni kulipa. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza tumpe mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Na katika Hadithi Qudsi, miongoni mwa watu watatu ambao Allah (s.w.) atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, yumo aliyeajiri mtu, akaipata kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake. Tuitafakari hiyo, sisi tunaosema "njoo kesho" kwa wepesi kama tunaotoa salamu. Kama fedha hazijatimia, kazi ingoje.

Nanyi mafundi, msichukue kazi msiyoijua. Anayeziba ufa kwa kitu anachojua kitaharibu nyumba amekula kisichokuwa chake.

Wazazi wenzangu, siku kazi inapokwisha, mpeni mtoto bahasha ile amkabidhi fundi kwa mikono yake miwili na kumshukuru. Nyumbani kwetu sasa ndiyo desturi. Mwanangu mdogo huniuliza tangu asubuhi: "Mama, fedha za babu fundi ziko tayari?"

Allah atujaalie masika ya kheri, na atuepushe na dhulma tuzijuazo na tusizozijua. Amin.

Wabillahi tawfiq.